Chuma Kinene Chini ya Pijo

Jumatano ya Majivu, 21 Februari 1996

Padri Wendelin amenipa kitubio ambacho sijawahi kukisikia. Nimeungama ulimi wangu, kama kila mwaka, nikangoja anipe rozari zangu niondoke. Akasema, "Mama Aurelia, rozari unazisali huku unasema watu. Kwaresima hii chukua daftari. Kila siku kabla ya kula andika uliyomwambia mtu na uliyomfanyia. Usinionyeshe. Pasaka ikifika usome mwenyewe."

Nikamwambia nimesoma darasa la pili kwa masista, na kisomo cha watu wazima, nitatoa wapi maneno ya kujaza daftari? Akacheka. "Maneno unayo, mama. Ulichokosa ni karatasi."

Haya basi. Leo nimemwambia padri viatu vyake vina tope. Vilikuwa na tope kweli.

22 Februari

Mvua. Nimemwambia binti yangu Ida ugali wake haujaiva.

23 Februari

Mvua. Ugali ule ule, maneno yale yale.

Jumapili, 25 Februari

Baada ya misa Othmar amenitukana mbele ya watu kwa kicheko. Othmar ana pikapu, anabeba kahawa. Mimi nina Pijo, steshen, ya watu. Mwaka juzi wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku Litembo kugombea kahawa yetu, wenzangu walinunua redio na pombe, mimi nikanunua Pijo. Kila siku inashusha watu Mbinga na kuwapandisha. Anaiendesha Steven, mume wa Ida.

Othmar akasema, "Bibi Aurelia, gari lako lina adabu sana. Kila kona linapiga magoti kama linaamkia wakwe."

Watu wakacheka. Hilda jirani yangu naye akacheka, mpaka akashika nguzo.

Ni kweli Pijo inalala kwenye kona. Nimeiona mwenyewe. Lakini kuona kwangu si kuona kwa Othmar.

Halafu akatangaza kwamba kampuni mojawapo ya hizi za kahawa itafanya mashindano Jumatatu ya Pasaka, uwanjani Mbinga. Watapanga mapipa, gari moja moja linapita katikati yake kwa kuzunguka, saa mkononi. Atakayemaliza upesi bila kuangusha pipa atapewa bati thelathini. "Wewe usije," akaniambia, "Pijo yako italala usingizi kwenye pipa la pili."

Nikamwambia nitakuja, na bati zake nitaezekea choo.

26 Februari

Nimekwenda Mbinga kwa fundi Osward. Nimemwuliza kwa nini gari langu linalala. Akatandika gunia, akasema, "Lala chini, mama, uone." Mimi, na umri huu, nikalala chini ya gari kama mbuzi aliyefungwa.

Akanionyesha chuma kilichopita nyuma, kimeshika gurudumu la huku na la kule. Kinaitwa stabilaiza. Gari likitaka kulalia upande mmoja, chuma hicho kinakataa.

"Mbona hiki hakikatai?"

"Kinakataa kidogo. Ni chembamba."

"Weka kinene."

"Subiri, mama."

Akatoa viwili vingine, akaviweka chini pamoja na kile cha gari langu alichokifungua. Changu kama kidole gumba. Cha kati, kutoka kwenye Pijo iliyokufa injini, kimezidi kidogo. Cha tatu alikikunja mwenyewe kwa moto, chuma cha lori, kinene kama mpini wa jembe. Nikavinyanyua kimoja kimoja. Mimi jembe silichagui kwa macho, nalichagua kwa uzito wake mkononi, na sijawahi kukosea jembe. Kile kinene kilikaa mkononi vizuri.

Osward akasema, "Uwanjani, pakavu, gari tupu, hiki kitalizungusha gari kwenye mapipa kama pia, maana mkia unageuka upesi. Lakini barabarani, tope, watu wanane? Kinakataa mno. Kinanyanyua gurudumu la ndani. Gurudumu likiwa hewani halishiki kitu, mkia unaondoka wenyewe. Gari hili ni la kila siku, mama. Mwulize Steven, yeye ndiye anayelisikia."

Nikamwambia anaongea kama mwanasheria. Akarudisha chembamba.

28 Februari

Nimemwuliza Steven. Yaani, nimemwuliza Ida amwulize. Mimi nilivyolelewa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawakai kiti jirani. Ndani ya Pijo yangu mwenyewe nakaa nyuma. Vijana wa sasa wanaona ushamba. Steven haoni hivyo. Hilo namsifu nalo, na sina lingine la kumsifu. Ni Mnyasa wa Liuli, Mwanglikana, amekua kwenye mtumbwi. Ida alikwenda kununua mbasa wa ziwani akarudi na mvuvi.

Basi mimi mlangoni, yeye nyuma ya jiko, Ida katikati na ufagio.

"Mwulize mumeo, katika vile vyuma vitatu vya Osward, kipi kinafaa."

"Baba Festo, mama anauliza..."

"Nimesikia," akasema Steven. "Mwambie mama gari la kila siku liachwe lilale kidogo. Mtumbwi usiotaka kulala ndio unaopinduka. Kama ni kwa ajili ya mapipa, nitaweka kile cha kati na raba mpya za kukishikia. Kitatosha kwa mapipa, kitatosha kwa tope."

"Mama, Baba Festo anasema..."

"Sina ugonjwa wa masikio. Mwambie mumeo huku hakuna ziwa. Huku watu husimama wima."

Ida akaendelea kufagia. Akasema peke yake, "Mimi nimekuwa simu ya posta."

2 Machi

Tumeanza kulima ngolo za maharage. Wanaume wamefyeka na kulaza majani kwa miraba, sisi wanawake tunachimba katikati na kufunika majani kwa udongo, shimo baada ya shimo, mlima mzima. Hilda upande wangu wa kulia, kama miaka arobaini iliyopita. Steven amelaza majani. Nimesema kwa sauti, "Nani kalaza hapa, au ni kuku wamepita?" Hilda akaniambia nimwache mtoto wa watu.

3 Machi

Othmar tena, mlangoni pa kanisa. Alikunja goti moja tu aliponiona, akainama ubavu, kama Pijo.

6 Machi

Steven amepata habari baba yake mdogo amefariki. Ameshuka Liuli kwa lori.

7 Machi

Osward alikuja kuchukua Pijo kukaza breki, kama walivyopanga na Steven. Nikapanda nayo mpaka Mbinga. Nikamwambia, "Ukiwa huko chini, funga kile kinene."

Akasimama. "Steven anajua?"

"Mkwe wangu simwambii mimi mambo."

"Basi Ida amwambie, mama. Asipojua ni hatari. Gari litakuwa jingine kabisa mkononi mwake."

"Ida atamwambia."

Kakifunga.

Kurudi, Osward akiendesha, jua linawaka, barabara imekauka. Jamani. Pijo ilipita kona zote imesimama kama padri altareni. Tulimpita Othmar anabadilisha tairi. Nikashusha kioo ili anione vizuri.

Ida sijamwambia. Steven atarudi, ataona gari limenyooka, atadhani ni ufundi wake. Tutafika kwenye mapipa, atashinda, ndipo nitakaposema. Nataka kuona uso wake siku hiyo.

11 Machi

Steven amerudi. Ameendesha kwenda na kurudi, kukavu. Jioni Ida akaja. "Mama, Baba Festo anauliza, Osward kagusa nini nyuma? Anasema gari limekuwa gumu."

Nikasema, "Kakaza breki tu."

"Breki tu?"

"Wewe ni hakimu?"

12 Machi

Mvua ndogo.

13 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Gari halikwenda.

14 Machi

Sijala. Naandika kwa sababu niliahidi.

Asubuhi mvua ilikatika, Steven akasema twende. Tulikuwa wanane. Mimi kiti cha kati, nyuma yake. Hilda kiti cha mwisho kabisa na mkungu wake wa ndizi, anamtania Steven kwamba anaendesha kama amebeba mayai. Steven anacheka. Alikuwa anakwenda mwendo wake wa siku zote, haukuwa mbio. Nasema hapa na nitasema mbele ya Mungu, haukuwa mbio.

Ile kona yenye mwamba, ambapo upande mmoja ni ukingo wa mlima na upande wa pili ni korongo. Gari likaingia. Halikulala. Nikasikia gurudumu moja linalia peke yake, linazunguka kwenye hewa, sauti kama ya cherehani. Na hapo hapo, kabla ya kitu chochote kutokea, nikasikia maneno ya Osward kama yupo sikioni. Gurudumu likiwa hewani halishiki kitu. Mkia ukaondoka.

Mungu aliuelekeza mkia kwenye mwamba. Ungekwenda upande wa pili nisingeandika.

Ubavu wa nyuma ulikunjwa kama karatasi, na mguu wa Hilda ukiwa ndani yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Aurelia, ndizi zangu," halafu macho yakageuka.

Steven alimtoa. Alikunjua lile bati kwa mikono mpaka ikatoka damu. Alivua shati akamfunga nalo. Watu wakatoka kwenye mashamba, wakajaa. Pikapu ya Othmar ikafika, maana leo Mungu alitaka wote wawepo. Othmar akauliza, "Imekuwaje?" Mtu mmoja akasema, dereva. Mwingine akasema, gari lilikuwa limenyooka, nimeliona mimi, ni dereva tu.

Wote wakanitazama.

Nilikuwa najua. Naandika tena ili nisije nikajidanganya baadaye: nilikuwa najua. Nikafungua kinywa nikamwambia Steven, usoni pake, "Nilisema mimi! Mtu wa mtumbwi mnampa mlima! Leo kavunja mguu, kesho atazika watu!"

Miaka tisa amemwoa binti yangu sijawahi kumwambia neno uso kwa uso. La kwanza limekuwa hilo.

Yeye akainamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Alitaka kusema. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akimtafuta Ida. Ida alikuwa nyumbani. Hakuwa na mtu wa kumpitishia jibu. Akapanda nyuma ya pikapu na Hilda, akaushika ule mguu usitikisike mpaka hospitali.

15 Machi

Mguu wa Hilda umevunjika mara mbili. Umefungwa plasta.

16 Machi

Askari wa barabarani amechukua leseni ya Steven. Abiria walioandikishwa maelezo wote wamesema dereva. Pijo imevutwa mpaka kwa Osward. Mimi nimesema nilikuwa nasinzia.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kukomunika. Nilikaa benchi. Watu walipita mbele ya magoti yangu wakijifanya hawaoni.

18 Machi

Mvua.

19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Steven amekwenda kwao Liuli. Amebeba begi dogo na koti. Ida hakulia, na afadhali angelia. Alikuwa kwenye kinu, akaniambia yote kwa sauti ya kawaida.

"Anasema haendeshi tena, mama. Siyo gari lako tu, gari lolote. Anasema macho yake yameharibika, au mikono. Anasema kona ile ameipita mara elfu, na safari hii mikono haikumwambia kitu mpaka ikawa basi. Anaogopa. Atarudi kwenye nyavu."

Nikasema neno gani sijui.

"Nilimwambia siku ile aliporudi, achungulie chini ya gari aone mwenyewe. Akakataa. Akasema, mama ameshasema ni breki tu. Nikichungulia, nitakuwa namwita mama mkwe mwongo."

Akaendelea kutwanga.

20 Machi

Mvua. Sikumwambia mtu kitu.

21 Machi

Mvua. Vilevile.

22 Machi

Nimekwenda ngolo peke yangu. Nimechimba sehemu yangu, kisha sehemu ya Hilda. Mgongo umenikatika, na ninautaka ukatike.

Ng'ambo ya bonde ni shamba la Othmar. Mwaka huu alisema ngolo ni kazi ya wazee, akalima matuta marefu, yamenyooka, magumu, mazuri kwa macho. Mvua ya wiki hii imeyachukua. Tuta lilikataa maji, yakakusanyika upande mmoja, yakatoka yote kwa pamoja na udongo wake mpaka mtoni. Kwangu maji yamelala kwenye mashimo, kidogo hapa, kidogo pale, mlima umebaki.

Nimekaa ukingoni mwa shimo nikacheka peke yangu kama mwehu. Tangu nikiwa na miaka kumi nachimba mashimo ili mlima ukubali maji. Mama yangu alinipiga kwa ajili hiyo, mimi nimempiga Ida kwa ajili hiyo. Halafu naletewa chuma, naambiwa kabisa na fundi, naambiwa na mkwe, nakichagua kwa sababu kinakataa.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kumwona Hilda. Nilimpelekea togwa.

"Shikamoo ya mguu," nikasema.

"Marahaba ya plasta. Mbona umekuwa mpole, Aurelia? Unaumwa? Nesi kapita hapa na sketi imegeuka, hujamsema."

Kisha akasema, "Namhurumia Steven. Njia nzima alikuwa ananiambia, samahani bibi, samahani bibi. Nikamwambia mwanangu, nyamaza, unanichosha."

Hapo nikashindwa. Nikamweleza. Chuma, Osward, Ida, breki tu. Nilieleza huku natazama chupa ya togwa.

Hilda akaniuliza, "Ulijua pale pale? Ulipomsema?"

"Nilijua."

Akageuza uso ukutani. "Mguu utapona," akasema. "Lakini kwa nini unaniambia mimi? Mimi nimelala hapa, siwezi kukukimbia, ndiyo maana umeniambia. Nenda kamwambie anayeweza kukukimbia. Toka, Aurelia. Togwa acha."

25 Machi

Mbinga kwa mguu, maana gari sina na kwa Othmar sipandi. Osward alikuwa ameshanyoosha bati la ubavuni. Nikamwambia akitoe kile chuma.

Akasema, "Mimi nilidhani Steven alijua. Moyoni nimemlaumu wiki nzima: mtu ameambiwa ana chuma kile, anaingiaje kona ile na mwendo wa kawaida? Mama. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulisema Ida atamwambia."

"Nilisema."

Sina kawaida ya kukubali maneno ya mtu mara mbili mfululizo. Osward akaona aibu kwa niaba yangu, akaingia chini ya gari.

"Nifunge kipi?"

"Kile alichosema anayeendesha. Cha kati, na raba mpya."

Kile kinene nimekifunga kwenye kanga nikaja nacho. Kinanielemea, nimepumzika njiani mara sita. Nimekiegemeza mlangoni. Ida kakitazama, kanitazama. Nikamwambia. Ida ni damu yangu, ana ulimi wangu. Hakuutumia. Alichukua ndoo akaenda mtoni, na ndoo ilikuwa imejaa.

28 Machi

Ida hasemi nami. Sasa namwelewa Steven alivyokuwa anaishi.

Jumapili ya Matawi, 31 Machi

Baada ya matangazo niliomba kusema. Padri akadhani ni habari za usafi wa kanisa, akaniruhusu.

Nilisema: Steven hana kosa. Chuma niliweka mimi, kwa siri, kwa sababu ya maneno ya Othmar na ukubwa wa kichwa changu. Aliuliza, nikamdanganya. Mguu wa Hilda ni wangu.

Nikakaa. Tawi langu la mtende nikalikalia.

Nje Othmar alikuja. Nilikuwa nimejiandaa. Akasema tu, "Mama, mimi nilikuwa natania." Ingekuwa heri angenicheka.

1 Aprili

Polisi. Nimesema sikusinzia. Nimeeleza, Osward ameeleza. Askari ameandika kurasa tatu, akanikaripia kama mtoto, nikaitika ndiyo baba, ndiyo baba, na ni kijana wa kuzaliwa juzi. Leseni wamenipa nimpelekee mwenyewe.

2 Aprili

Liuli. Osward aliendesha, Ida mbele, mimi nyuma na chuma magotini. Sikutaka kiwekwe chini.

Tulipofika Steven alikuwa anatengeneza nyavu. Akatuona, akasimama, akarudi nyuma hatua zake kama adabu inavyotaka. Wazee wake wakaitwa, tukakaa kwenye mikeka, ziwa linapiga hapo nyuma. Baba yake akasema, "Karibuni wakwe. Tunasikia."

Ida akafungua kinywa, kama kawaida, anisemee. Nikamshika mkono. Nikafungua kanga, nikakiweka kile chuma mkekani. Kikatoa mlio.

Nikamtazama Steven usoni. "Baba Festo. Kona ile mikono yako haikukudanganya. Ni mimi. Hiki kilikuwa chini ya gari, nilikiweka ukiwa msibani. Ulipouliza nikasema breki. Ulipokataa kuchungulia ulikuwa unaniheshimu, na mimi sikuwa na heshima hiyo. Nilikusema mbele ya watu kwa mdomo wangu bila mtu wa katikati. Basi na hili nalisema kwa mdomo wangu bila mtu wa katikati. Nisamehe."

Mama yake akaziba mdomo kwa kanga. Pengine wao nao hawakuwahi kuona mama mkwe akimwita mkwe wake usoni.

Steven akachuchumaa. Akakigusa kile chuma, akakinyanyua, akakipima mkononi vilevile nilivyofanya mimi. Akakishusha. Akamgeukia Ida, akasema, "Mwambie mama..."

Akashindwa. Akatoka, akaenda mpaka kwenye maji. Hakuna aliyemfuata. Tulikaa. Walituletea ugali na mbasa, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Alimwuliza Osward, siyo mimi, "Umefunga kipi?"

"Cha kati. Raba mpya."

Akanyoosha mkono. Nikampa leseni. Aliichukua kwa mikono miwili.

3 Aprili

Tumerudi. Chuma kimebaki Liuli, baba yake amesema kitafaa nanga.

Asubuhi Osward alikwenda kukaa nyuma na Ida. Nikafungua mlango wa nyuma nami. Ida akasema, "Huku kumejaa, mama." Hakukuwa kumejaa. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu tarehe ishirini na tano.

Nikakaa mbele. Kwenye kiti cha mbele, karibu na mkwe wangu, mkono wangu na wake imetengana kwa gia tu. Niliona aibu kama nimevuliwa nguo. Nilitazama mbele. Yeye akatazama mbele. Hakuwasha gari kwa muda. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, naiona kwa pembe ya jicho.

Akawasha. Mlima wa kutoka ziwani ulikuwa na tope. Kona ya kwanza alikwenda kama anayekanyaga gizani. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu nikasikia gari linalala, taratibu, likashika. Nikamsikia anapumua.

Kona ya nne, bila kunitazama, akasema, "Mama, shika mlango. Hii inalala zaidi."

Hakupitishia kwa mtu. Nikashika mlango. Gari likalala, na mimi nikalala nalo.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Hakuna aliyeongea nyumbani, na ni siku yake.

Pasaka, 7 Aprili

Nimesoma daftari lote, kama padri alivyosema. Lile la tarehe kumi na nne nimelisoma mara mbili. Nilidhani nitakuta uongo wa kufuta. Hamna. Nimekomunika. Ida amenipa nyama. Ugali haukuwa umeiva, nikala.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Leo ndiyo mashindano Mbinga. Othmar amekwenda. Sijui nani kapata bati.

Sisi tulishuka mpaka kwenye ile kona, Steven alitaka. Hilda alikuwa ametoka hospitali asubuhi, akasema na yeye apakiwe, hajawahi kuona mahali palipomla mguu. Alipofika kwenye Pijo akaelekea mlango wa mbele na magongo yake.

Nikamwambia, "Hapo ni pangu."

"Tangu lini?"

"Kaa nyuma, unyooshe mguu."

Steven akapunguza mwendo pale kwenye mwamba. Rangi ya gari langu bado ipo, mstari mweupe, urefu wa mkono, mvua yote hii haijauosha. Gari likalala kidogo, likashika, likapita.

Niliutazama ule mstari mpaka ukabaki nyuma. Tukigeuza, nitautazama tena. Kila siku gari hili linapita hapa, na mimi kiti changu sasa ni cha upande ule.